Shajara ya mradi: kukikomboa kikoa cha .com kilichoisha muda

Kikoa husika, yaani jina la shirika kwenye mtandao, ni cha .com, humu tunakiandika example.com. Kilikuwa kimebeba tovuti, barua pepe za watu 11 na vikoa vidogo vinne. Siku zinahesabiwa tangu tarehe ya kuisha muda, yaani siku 0. Saa zote ni za UTC (saa ya kimataifa) kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu "saa mbili" ya mazungumzo yetu na saa mbili ya rejista, yaani mtunza orodha ya majina yote ya .com, hazilingani, na siku ya mwisho saa chache zinatosha kupoteza jina. Hesabu hii haivihusu vikoa vya nchi: kila rejista ya nchi ina kanuni zake.

Siku ya 33

Tovuti inaonyesha ukurasa wa matangazo. Kabla ya kumpigia mtu simu, tumeiuliza rejista yenyewe:

curl -s https://rdap.verisign.com/com/v1/domain/example.com | jq '.status, .events'

Tumetumia RDAP, huduma ya kuuliza taarifa za kikoa, kwa kuwa tangu tarehe 28 Januari 2025 wasajili (kampuni zinazowauzia wateja majina) na rejista za vikoa vya kimataifa hawalazimiki tena kuendesha WHOIS, huduma iliyoitangulia, na ile amri ya zamani siku hizi hujibu nusu nusu au isijibu kabisa. Hali iliyorudi: "auto renew period" (kipindi cha kuhuishwa kiotomatiki) na "client transfer prohibited" (zuio la kuhamishwa). Tarehe ya kuisha: mwaka mmoja mbele.

Tarehe hiyo imewalaza wengi. Mtu anaiona, anasema kumbe kikoa kiko hai, anaanza kuisaka hitilafu kwenye seva. Ukweli ni kwamba siku ya kuisha, rejista ya .com hukiongezea kikoa mwaka mmoja yenyewe na kumtoza msajili. Msajili ana siku 45 za kukifuta na kurudishiwa pesa yake. Kwa hiyo tarehe ya rejista inasimulia hesabu kati ya rejista na msajili, mteja hayumo. Tarehe ya mteja hutafutwa kwenye RDAP ya msajili, kwenye tukio liitwalo "registrar expiration". Kwetu ilikuwa imepita siku 33.

Mambo mawili yamejulikana hapo hapo. La kwanza, msajili hatasubiri lazima hadi siku ya 45. Siku ya kufuta anaichagua yeye ndani ya muda huo, na huwa imeandikwa kwenye mkataba wake wa huduma. La pili, tovuti ilizimika siku ya 30. Sera ya ICANN, msimamizi wa mfumo wa majina ya mtandao, ya kurejesha vikoa vilivyoisha muda, inayotumika tangu 31 Agosti 2013, inamtaka msajili akate njia ya DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za seva) kwa angalau siku 8 mfululizo za mwisho kabla ya kufuta, ili mwenye jina ashtuke. Aliyekata siku ya 30 anaweza kufuta siku ya 38. Tumeandika siku ya 38 ukutani kwa wino mwekundu.

Dokezo ambalo hatukulipa uzito siku hiyo: seva ya DNS ya Google, 8.8.8.8, ilijibu SERVFAIL (imeshindwa kupata jibu), huku nyingine isiyokagua sahihi za DNSSEC (zinazothibitisha kuwa jibu la DNS ni halali) ikileta ukurasa wa matangazo. Tutalirudia siku ya 47.

Siku ya 33, jioni

Kuingia kwenye akaunti kumeshindikana. Nywila haijulikani, na kiungo cha kuweka nywila mpya kinatumwa kwa admin@example.com, sanduku lililo ndani ya kikoa kilichozimwa. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Ilani za kuhuisha zilitumwa humo humo: sera inataka moja takriban mwezi kabla ya kuisha, moja takriban wiki kabla, na moja ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Zilifika, sanduku halikuwa na msomaji.

Barua za watu wengine bado hazijarudi kwa waliozituma, na sababu yake inafaa kueleweka. Kikoa chetu, kikiwa kimeegeshwa kwenye ukurasa wa matangazo, hakina rekodi ya MX (inayotaja seva ya kupokea barua), lakini kina rekodi ya A (anwani ya seva). Seva inayotuma barua ikikosa MX hujaribu anwani ya A. Seva ya maegesho imefunga bandari ya 25, mlango wa kupokelea barua, basi barua hukaa foleni kwa mtumaji na kujaribiwa tena kwa siku 4 hadi 5. Kikoa kikifutwa jibu hugeuka NXDOMAIN (jina halipo), na barua hurudishwa papo hapo. Watumaji muhimu wamepewa anwani ya muda leo leo, bila kungoja mambo yatulie.

Siku ya 34

Ankara za nyuma zilitoka kwa wakala. RDAP, sehemu yenye wadhifa wa "registrar", inataja kampuni nyingine kabisa, pamoja na namba yake ya IANA (namba ya utambulisho wa msajili) na anwani ya kupokea malalamiko. Wakala hana mkono kwenye rejista. Kila amri hupitia kwa msajili. Tumefungua tiketi kote kuwili, na kila moja imetaja namba ya mwenzake ili wasipigiane danadana.

Tiketi kwa msajili, kama ilivyotumwa:

"Kikoa: example.com. Kiliisha muda siku 34 zilizopita, hali yake kwenye rejista ni autoRenewPeriod. Sisi ndio wenye usajili wakati wa kuisha muda. Maombi matatu, kwa mpangilio huu: (1) mtuambie tarehe na saa ya UTC mliyopanga kukifuta, (2) mpokee malipo ya kuhuisha sasa, hata kabla ya kuturudishia akaunti, (3) mtutajie hati mnazohitaji ili kubadilisha barua pepe ya akaunti. Ankara za miaka mitatu zimeambatishwa."

Ombi la pili ndilo zito kuliko yote. Kulipia na kumiliki ni vitu viwili: wasajili wengi humruhusu yeyote alipe ada ya kuhuisha, maana malipo hayampi mlipaji mamlaka yoyote juu ya jina. Desemba 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, watu wakashindwa kuingia Hotmail, na aliyelipa dola 35 ni mtaalamu wa programu asiye wa kampuni hiyo, Michael Chaney. Lipa kwanza, utambulisho ufuate.

Wazo la kuhamia kwa msajili mwingine limetajwa na kuwekwa kando. Kanuni za uhamisho hazimruhusu msajili kukataa kwa sababu tu kikoa kimeisha muda, ila msimbo wa uhamisho hutolewa kupitia akaunti ile ile tusiyoweza kuingia, msajili ana hadi siku 5 za kuutoa, na akinyamaza baada ya ombi la uhamisho zinapita siku 5 nyingine. Siku 10 hatuna.

Siku ya 36

Wakala amejibu kwa kunakili maelekezo ya kuweka nywila mpya. Msajili kimya. Tumepiga simu, mhudumu anasema suala liko "idara ya akaunti" na hawezi kupokea malipo bila mtu kuingia kwenye akaunti. Tukauliza kama hiyo ni kanuni au ni desturi. Hakuwa na jibu.

Siku ya 38

Saa 05:40 RDAP imebadilika: "redemption period" na "pending delete". Ukiona hali hizo mbili pamoja usife moyo. Ndani ya kipindi cha ukombozi, ambapo jina lililofutwa bado linaweza kurejeshwa, rejista huonyesha zote mbili. Hatari ni "pending delete" ikibaki peke yake.

dig +norecurse @a.gtld-servers.net example.com NS inarudisha NXDOMAIN. Kikoa kimetolewa kwenye orodha ya .com, ingawa usajili wake bado haujaenda kwa mtu.

Hesabu mpya, kuanzia saa ya kufutwa na si siku 0: siku 30 za ukombozi, yaani hadi siku ya 68 saa 05:40. Kisha siku 5 ambazo hakuna awezaye kufanya lolote, awe msajili au ICANN. Siku ya 73 jina linaachiwa, na kampuni za kudaka majina hutuma amri za kusajili kwa kasi ambayo mtu anayebofya kwa mkono haiwezi.

Kuna njia nyingine jina linavyopotea ambayo kwetu haikutokea, nayo hutokea mapema zaidi. Wasajili wengi hulipeleka jina mnadani wakati bado lina hali ya autoRenewPeriod, na mshindi hupewa bila jina kufutwa. Alama yake ni tarehe ya kusajiliwa: ikibaki ile ya zamani huku jina likiwa na mwenyewe mpya, lilipita mnadani, ikiwa mpya, lilidondoka na kudakwa. Kwetu msajili alifuta moja kwa moja, na hiyo ni heri iliyojificha, kwa sababu kwenye kipindi cha ukombozi jina haliwezi kuhamishwa, na wa kulirejesha ni msajili wetu tu, kwa ajili ya mwenye jina wa awali.

Siku ya 39 hadi 43

Siku za makaratasi. Kilichokubaliwa: cheti cha usajili wa shirika, barua yenye nembo na sahihi, ankara, na taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya mwaka uliopita kwa wakala. Kilichokataliwa mara ya kwanza: kitambulisho cha mhusika, kwa sababu jina la mwenye kikoa kwenye usajili lilikuwa la mtengeneza tovuti wa zamani, si la shirika. Ilibidi mtengeneza tovuti huyo atie sahihi barua ya kukiri kwamba alisajili kwa niaba ya shirika. Amepatikana. Angekuwa hapatikani, mradi huu ungeishia hapa, maana kwenye macho ya msajili mwenye jina ni aliyeandikwa, hata kama hajawahi kutoa senti.

Siku ya 44

Akaunti imefunguka. Barua pepe ya akaunti imehamishiwa sanduku lililo kwenye kikoa kingine kabisa.

Wakala ameleta ada ya ukombozi iliyo kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye tovuti yake. Sera ile ile ya 2013 inamtaka msajili aonyeshe wazi ada ya kuhuisha, ya kuhuisha baada ya muda kuisha, na ya ukombozi, na inahusu pia mawakala wake. Tumemtumia picha ya ukurasa wake na kunakili ujumbe kwa msajili. Baada ya saa nne ada imerudi kwenye kiwango kilichochapishwa. Lalamiko kwa ICANN lilikuwa limeandikwa tayari, halikutumwa. Hata hivyo lalamiko haliisimamishi saa, na asiwepo wa kulitegemea wakati siku zinayoyoma.

Ankara ina mistari miwili, ukombozi na mwaka mmoja wa kuhuisha. Ukiona mstari mmoja tu, uliza.

Siku ya 46

10:15 malipo yamepokelewa. 10:50 RDAP: "pending restore". Maana yake msajili ameomba kurejeshewa, na ana siku 7 za kuipa rejista ripoti ya urejeshaji. Asipoipeleka, jina linarudi kwenye ukombozi. Kwa hiyo hali hii si ya kushangilia. Ni ya kuchungulia kila baada ya saa chache. Ripoti ilipelekwa siku ile ile, 13:05 hali ikawa "client hold" na "client transfer prohibited".

Client hold ni zuio la msajili mwenyewe, na linakizuia kikoa kuingia kwenye orodha ya .com. Mfumo wake uliliweka siku ya kufuta na haukulitoa. Tiketi ya mistari miwili imetosha. Zuio hilo hilo huwekwa pia pale mwenye jina asipothibitisha barua pepe yake ndani ya siku 15 baada ya kuibadilisha, nasi tuliibadilisha siku mbili nyuma. Kiungo cha uthibitisho kimebofywa leo, kabla hakijasahaulika.

Siku ya 47

Jina ni letu, huduma bado. Nusu ya pili ya kazi inaanza hapa.

Zuio limeondolewa 06:20, lakini kikoa kimerudi kikielekea seva za majina za maegesho. Tumezibadilisha 09:30. Saa tatu hizo zina gharama: rekodi ya NS (inayotaja seva za majina) kwenye .com ina TTL, yaani muda wa nakala kukaa kwenye keshi, ya sekunde 172800, siku mbili kamili. Seva yoyote iliyouliza kati ya 06:20 na 09:30 inaweza kushikilia maegesho hadi siku ya 49. Kwa siku tisa jina lilipokuwa NXDOMAIN keshi za zamani zilikuwa zimekwisha, na tungeanza na ukurasa safi. Fundisho la kiufundi: mwambie msajili aweke seva sahihi za majina kabla ya kuondoa zuio, si baada. Kwa seva mbili kubwa tumetumia kurasa zao za kufuta keshi, za Google Public DNS na za 1.1.1.1. Zilizobaki zinasubiriwa.

Rekodi za DNS zilikuwa zimehifadhiwa kwa msajili, na amezifuta pamoja na kikoa. Nakala hakuna. Zimekusanywa hivi:

Majina ya vikoa vidogo yametoka crt.sh, kumbukumbu ya wazi ya vyeti vya TLS (vya usalama wa tovuti). Imetoa vitano, kimoja hakuna aliyekikumbuka. Anwani za IP zimetoka kwenye paneli ya seva. MX na SPF (orodha ya seva zenye ruhusa ya kututumia barua kwa jina letu) zimetoka kwa mtoa huduma ya barua. Jina la ufunguo wa DKIM (sahihi ya barua) limesomwa kwenye vichwa vya barua iliyotumwa zamani, mstari wa DKIM-Signature, herufi ya s=; ufunguo wenyewe umetolewa upya kwenye paneli ya barua. Jumla rekodi 19, zote kwa TTL ya 300 kwa sasa.

Bado 8.8.8.8 inajibu SERVFAIL. Amri mbili zimemaliza ubishi:

dig @8.8.8.8 example.com A, jibu SERVFAIL.
dig @8.8.8.8 +cd example.com A, jibu anwani sahihi.

Ukizima ukaguzi wa sahihi kwa +cd na jibu likaja, tatizo ni DNSSEC. Rekodi ya DS ya zamani (inayoitambulisha funguo ya DNSSEC ya kikoa) ilibaki kwenye rejista muda wote, kupitia maegesho, kufutwa na kurejeshwa, ikidai sahihi za funguo ambazo hazipo tena. Ndiyo sababu siku ya 33 wengine waliona matangazo na wengine hawakuona kitu. Msajili ameiondoa 15:10. TTL ya DS kwenye .com ni sekunde 86400, basi siku moja zaidi kwa walioishika.

Siku ya 48

Cheti cha TLS kiliisha muda siku ya 41. Programu ya kukihuisha ilikuwa ikijaribu na kushindwa tangu siku ya 30. Hatukuigusa jana makusudi: Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti hivyo, hukagua kutoka sehemu kadhaa za mtandao na huheshimu DNSSEC, kwa hiyo DS mbovu ingekwamisha kila jaribio, na majaribio 5 yaliyofeli kwa jina moja ndani ya saa moja yanatosha kufungiwa kwa muda. Leo 16:00, DS ikiwa imetoweka kila tulipopima, tumeanza na mazingira yao ya majaribio, kisha ombi halisi. Cheti kimetoka mara moja.

Barua: jaribio kutoka kwa watoa huduma watatu. Za wawili zimefika. Wa tatu bado anapeleka kwenye maegesho, keshi ya NS. Kesho.

Siku ya 49

Za watatu wote zimefika. SPF, DKIM na DMARC, vipimo vya uhalali wa barua, zimepita. Barua zilizorudishwa kati ya siku ya 38 na 47 hazitakuja zenyewe. Orodha ya watumaji waliojulikana imegawanywa kwa watu 11 wawaandikie.

Siku ya 55

TTL zimepandishwa hadi 3600. DNSSEC imewashwa upya, DS mpya ikiwekwa baada ya sahihi kuonekana kwenye seva zote za majina, si kabla. Rekodi 19 zimehifadhiwa kama faili ya maandishi nje ya msajili.

Kikoa kimelipiwa hadi miaka 10 mbele, ambao ndio ukomo wa .com. Kuhuisha kiotomatiki kumewashwa, na kadi mbili. Jina la mwenye kikoa limebadilishwa kuwa la shirika, na badiliko hilo limeleta zuio la siku 60 la kuhamia kwa msajili mwingine. Hatukulipinga. Kuhama mapema baada ya kuhuisha kuna mtego, ingawa kwetu siku zake zilikuwa zimepita: kikoa kilichohuishwa kikahamishwa ndani ya siku 45 tangu tarehe ya kuisha, mwaka ule uliolipwa kwa msajili wa zamani huweza kupotea, rejista ikamrudishia yeye.

Kila asubuhi skripti inasoma RDAP na kutuma ujumbe wa simu ikiwa hali imebadilika au tarehe ya kuisha imebakiza chini ya siku 60. Ujumbe hautumii barua pepe ya example.com.

Kilichobaki: akaunti 6 za huduma nyingine zilikuwa na anwani za @example.com kama njia pekee ya kuweka nywila mpya. Mbili zimehamishwa, nne bado. Uhamisho wa msajili, siku ya 116.